Mwacheni koala alale

Chuma jani la mkaratusi, lile refu lililopinda kama kotama, ulifikiche kiganjani. Harufu inayopanda puani, ileile watu wanayojifukizia wakishikwa na mafua, ni mafuta ambayo mti umeyatengeneza ili usiliwe. Mbuzi anayetafuna mpaka vichaka vya miiba kwa kawaida hulipita jani hilo. Huko mashariki mwa Australia, nchi ulikotoka mti huo, yuko mnyama ambaye karibu hali kitu kingine. Ni koala, mnyama anayelea mtoto kwenye mfuko wa tumboni, wa jamii moja na kangaruu.

Kinachomfanya ajulikane duniani ni kulala. Mitandaoni anaitwa mvivu, na wengine hudai kwamba yale mafuta ya majani humlewesha. Halewi, wala si mvivu. Usingizi wake ni sehemu ya mlo wake, na asiyeelewa hilo ataona hakuna ubaya kumwamsha ili apige naye picha.

Tuanze na hesabu ya siku yake. Saa 20 hivi kati ya 24 hali wala hatembei. Lakini watafiti waliowafuatilia porini walikuta usingizi wenyewe ni kama saa 14 na nusu. Saa nyingine karibu 5 yuko macho, ametulia kwenye panda ya mti. Kula kunachukua saa 4 hadi 5, hasa usiku na kwa vipindi, na kutembea ni dakika chache tu.

Sababu iko kwenye jani. Karibu nusu ya uzito wake ni maji, na ndiyo maana koala hunywa kwa nadra. Kinachobaki ni nyuzinyuzi ngumu, tanini (kemikali kakasi kama ya majani ya chai), mafuta yenye sumu na protini kidogo sana. Kwa siku anakula kama nusu kilo, akiyasaga kwa magego makali mpaka yawe laini kabisa. Sumu hupelekwa kwenye ini. Wanasayansi waliochapisha jenomu ya koala, yaani orodha nzima ya jeni zake, mwaka 2018 walikuta ana jeni nyingi kuliko kawaida za vimeng'enya vinavyovunja sumu. Uwezo huo una gharama yake: dawa nazo huvunjwa haraka, hivyo daktari wa mifugo akimpa dozi iliyokadiriwa kwa mbwa, maumivu hayatulii.

Nyuzinyuzi zina kituo chake. Pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana kuna kifuko kilichoziba upande mmoja. Kwetu binadamu ni kifupi na ndicho kinachobeba kidole tumbo. Cha koala kinafika mita 2, ndani ya mnyama ambaye urefu wa mwili wake hauzidi sentimita 85 hivi. Humo bakteria huchachusha chakula kwa siku 4, na chembe ndogo zaidi hukaa hata siku 8. Faida inayotoka humo ni ndogo mno, kwa hiyo mwili umepunguza matumizi kila mahali: kasi ya mwili kuunguza chakula iko chini kuliko ya wanyama wengi wa ukubwa wake, na ubongo ni mdogo. Ukimlazimisha achangamke, nguvu anayotumia hawezi kuirudisha kwa kula zaidi, maana ini na tumbo vina kikomo cha majani vinayoweza kuyahudumia kwa siku moja.

Bakteria hao hazaliwi nao. Mtoto huzaliwa ana urefu wa sentimita 2, anaingia mfukoni na kunyonya karibu miezi 6. Kabla ya kuonja jani la kwanza, mama hutoa kinyesi maalumu, laini kama uji, kutoka kwenye kile kifuko, na mtoto hukila. Asiyepata uji huo hawezi kula mkaratusi. Vivyo hivyo, koala anayetibiwa klamidia, ugonjwa unaoletwa na bakteria, kwa antibiotiki anaweza kupona ugonjwa kisha akakonda mpaka kufa, kwa sababu dawa imewaua na bakteria wa tumboni.

Kwa maoni yangu, somo zito kuliko yote lilitoka Cape Otway, jimbo la Victoria. Koala walijaa kwenye miti ya Eucalyptus viminalis, aina moja ya mkaratusi, wakaila mpaka ikabaki matawi matupu, na mwaka 2013 wengi walikufa njaa. Jirani tu ilikuwepo aina nyingine, Eucalyptus obliqua, yenye majani tele, lakini wengi hawakuigusa. Ukiona kwa haraka utasema ni ujinga. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha vingine: koala waliomezeshwa vidonge vyenye vijidudu vya kinyesi cha wenzao waliozoea obliqua walibadilika vijidudu vyao vya tumboni, na kadiri vilivyobadilika ndivyo walivyoikubali obliqua. Kwa hiyo ahadi ya “tutakata msitu huu, tutawahamishia ule” haitoshi. Miti inayoitwa mikaratusi ni zaidi ya aina 700. Koala wa eneo moja hutegemea aina chache tu.

Wanaowatunza kwenye hifadhi wanalijua hilo. Matawi hukatwa mabichi kila siku, ya aina kadhaa kwa pamoja, na shina huchomekwa kwenye bomba lenye maji ili majani yasinyauke. Analetewa mengi kuliko atakayokula, kwa sababu huchagua ncha changa na kuacha kilichobaki. Jani lililokauka atalikataa. Aina aliyoipenda jana anaweza kuinusa leo na kuisukuma kando, kwa kuwa kiwango cha sumu hutofautiana hata kati ya mti na mti.

Jambo moja la kushika hasa wakati wa joto kali na moto wa misitu: usimnyweshe koala kwa chupa. Akiinuliwa kichwa na kumiminiwa maji, yanaweza kuingia kwenye mapafu. Weka bakuli chini, rudi nyuma, alambe mwenyewe. Na ukimkuta amelikumbatia shina la chini siku ya jua kali, usimpandishe juu. Kuna mashina yaliyo baridi kuliko hewa kwa nyuzi kadhaa, hivyo hapo anapoza mwili bila kupoteza maji.

Kumbeba kwa ajili ya picha, kwa kweli, ingefaa kukome kila mahali. Jimbo la New South Wales limekataza. Jimbo la Queensland linaruhusu kwa masharti: dakika 30 kwa siku kwa koala mmoja, na si zaidi ya siku 3 mfululizo. Lone Pine, hifadhi ya jiji la Brisbane huko Queensland iliyojulikana kwa picha hizo, iliacha yenyewe Julai 2024.

Anayetaka kumwona afike jioni, asimame mbali kidogo, awe na subira. Utaona mkono ukinyooshwa polepole, vidole viwili upande huu na vitatu upande ule, tawi likavutwa hadi puani. Atanusa. Mara nyingi ataliachia, avute la pili.