Chokaa Ilivyonitaja

Wiki ile, ukitaka kujua ni nani amekuja kutupongeza kwa nyumba mpya, hukuwa na haja ya kuuliza. Ulikuwa unatazama mgongo wake tu.

Tulihamia Msaranga, hapa Moshi, tukiwa na mabati juu, milango miwili, karatasi ya mauziano ya kiwanja na imani. Dari hakuna. Madirisha ya nyuma tumeziba kwa mabanzi. Kuta zimepigwa lipu ya saruji, skimu hazijaiona, na lipu tupu inakula mwanga: unawasha taa sebuleni, unaona taa, vitu vingine huvioni. Mama Neema alikuwa na kichanga cha wiki tano, Neema mwenyewe ana miaka mitatu, na mwezi ulikuwa Januari. Anayeijua Januari ya Mchaga hahitaji maelezo. Desemba umepanda mlimani, umechangia mbuzi, umegawa vitenge, umeshuka na mikungu miwili ya ndizi na deni.

Fundi rangi alikuja, akazunguka, akapima kwa macho. Skimu, praima, ndoo mbili za rangi ya maji za lita 20, msasa, halafu ufundi wake. Alipotaja jumla nilimsindikiza mpaka getini. Geti lenyewe hatujaweka, lakini nilimsindikiza.

"Tutapaka chokaa," nikamwambia mama Neema.

"Kama shina la mti wa barabarani?"

"Kama kanisa la misheni."

Hapo sikukosea, na mpaka leo nabishana na anayesema chokaa ni rangi ya maskini. Lipu ya saruji ikiwa tupu, imekwaruza kidogo, chokaa inaishika vizuri. Inapumua, kwa hiyo unyevu uliobaki ndani ya ukuta mpya unatoka bila kuvimbisha kitu, wakati rangi ya mafuta ungeikuta imetoka malengelenge. Na bei haina mjadala.

Tena nilikuwa na mwalimu. Jirani yetu mmoja, mzee aliyezeekea kwenye kazi ya kupaka majengo, alinipa masharti yote bure. Nunua chokaa ya unga iliyokwisha kuzimwa, mfuko wa kilo 25, ile inayotoka Tanga. Ile mbichi ya mawe usiiguse, ukiimwagia maji inachemka na inaweza kukurukia machoni. Mimina unga kwenye maji, si maji kwenye unga, koroga, ilale usiku kucha. Asubuhi chuja kwa soksi ndefu ya kike au wavu wa dirisha. Yeyusha kilo tatu za chumvi kwenye maji ya moto, changanya. Tia kijiko cha bluu ya kufulia ili weupe usielekee umanjano. Ongeza maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Ikiwa kama uji umeharibu. Lowanisha ukuta kwanza. Piga mikono (yaani tabaka) mitatu au minne, myembamba, na kati ya mkono na mkono ipite siku nzima. Vaa miwani na glavu, chokaa haina utani na jicho.

Nilimsikiliza kwa adabu, nikamshukuru, nikarudi nyumbani nikaanza kupunguza.

Chumvi kilo tatu? Ya kupaka ukutani? Chumvi ni ya mboga. Nikaweka vijiko vitatu. "Namba isibadilike," nikamwambia mama Neema, naye akanitazama kama mtu anayeweka kumbukumbu.

Maji tulikuwa tunanunua kwa kijana wa mkokoteni, dumu la lita 20 shilingi 500, maana bomba lilikuwa bado halijaunganishwa. Kulowanisha kuta za sebule na vyumba viwili ilikuwa sawa na kumwaga hela ukutani na kusimama pale uitazame ikikauka. Sharti hilo nalo nikaliruka.

Kisha nikapiga brashi ya kwanza, sikuona kitu. Ukuta ulibaki kijivu, kama umepanguswa na maji ya mchele. Chokaa ikiwa bado na maji ndivyo ilivyo, macho yanapita ndani yake. Weupe unatoka inapokauka. Mzee angeniambia kama ningemsubiri amalize, lakini mimi niliondoka alipofika kwenye miwani. Basi nikaongeza unga. Nikaongeza tena. Mwiko uliposimama wenyewe ndani ya ndoo nikaridhika, nikapiga mkono mmoja mnene kama siagi kwenye mkate wa mgeni, nyumba nzima, siku moja.

Jioni weupe ulikuwa unaumiza macho. Taa moja ikawa kama tatu. Nilisimama nimeegemea ukuta wa sebule, nikapiga hesabu ya hela niliyookoa, nikamuaga mama Neema kwamba narudisha brashi kwa fundi.

Ukutani, wakati huo, mambo yalikuwa yanaharibika kimyakimya. Chokaa haikauki kama rangi, bali inarudi kuwa jiwe. Inavuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani, polepole, na kazi hiyo haifanyiki pakavu. Chumvi ndiyo inayoushikilia unyevu ili kazi iendelee. Sasa chukua ukuta mkavu wa Moshi wa Januari, joto la nje limepita nyuzi 30, madirisha ya mbele yako wazi upepo unapita: maji yote yananyonywa ndani ya dakika chache, kinachobaki ni unga ulioegemea ukuta kwa heshima tu. Na ukipaka nene ndiyo kabisa, juu panakauka, ndani hapajashika chochote.

Wa kwanza kugundua ni Neema, aliyetoka chumbani asubuhi na shavu moja jeupe. Wa pili ni jirani yetu mmoja mjamzito, ambaye nilimkuta anaukwangua ukuta wa baraza kwa ukucha, anaunusa. Nilimwambia, dada yangu, hii si udongo wa Pemba, itakuunguza ulimi. Alinielewa, ila aliondoka akigeuka nyuma mara mbili.

Mama mkwe alishuka kutoka Machame na hotipoti la mtori.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba Neema. Hee, nyumba inang'aa hivi!"

Akaketi mkekani, akampakata kichanga, akaegemea. Saa tatu nzima aliegemea. Aliondoka amevaa sweta jeusi la sufi, na hatukuona chochote kwa sababu alitoka anatutazama, anatuaga kinyumenyume kama watu wazima wanavyoaga. Usiku akapiga simu. Konda wa daladala alimuuliza kama ametoka kushusha saruji.

Bado nilikuwa najitetea kwamba ni sweta, sufi inashika vitu, wakati Jumamosi jumuiya ilipokuja kuiombea nyumba. Watu 14. Mabenchi tuliazima kanisani, yale yasiyo na mgongo, na kwa kuwa sebule ni ndogo tukayapanga kuzunguka kuta. Kwa mabenchi ya namna hiyo mgongo wa mtu ni ukuta. Mzee wa kanisa alikuwa na suti nyeusi, na wengi wamevaa nguo nyeusi au za giza, kwani wakitoka kwetu wanakwenda moja kwa moja kuzika Kiboriloni. Sala ilikuwa ndefu na nzuri. Aliombea msingi, akaombea mabati, akaombea hata madirisha ambayo hayajawekwa, na kadiri alivyoomba ndivyo watu walivyozidi kuegemea.

"Amina."

Wakasimama. Migongo tisa.

Nguo ikipata chokaa kavu, itoe nje uikung'ute, upige brashi kavu, alama ikibaki pangusa kwa siki au ndimu iliyochanganywa na maji. Hayo nayajua sasa. Siku ile nilishika kitambaa cha maji nikamfuta mzee wa kanisa kwa unyenyekevu mkubwa, na vumbi ambalo lingetoka kwa kukung'utwa likageuka kuwa tope. Nilizidi kufuta, likazidi kuenea. Nilipomaliza alikuwa na ramani nyeupe kutoka bega hadi kiunoni, na muda wa mazishi umefika.

Nilipewa taarifa baadaye na waliokuwepo. Wale tisa walisimama mstari mmoja kutupia udongo kaburini, na ndugu wa marehemu kutoka Dar es Salaam akauliza kwa sauti ya chini kwa nini wao hawakuambiwa kuhusu sare.

Jumatatu nilirudi kwa yule mzee, nikamleta kwetu. Hakusema neno. Alivua soksi yake nyeusi, akaivaa mkononi, akaisugua ukutani mara moja, akanionyesha kiganja. Kilikuwa cheupe kama cha mwuza unga.

"Chumvi kilo ngapi?"

Nikamtajia.

Alicheka mpaka akakaa chini, na alipoinuka naye alikuwa na alama.

Hakuna njia ya mkato ya kurekebisha. Ukipaka chokaa nzuri juu ya unga, zote zinabanduka pamoja. Mama mkwe alimchukua mama Neema na watoto wakakae Machame siku tano, maana vumbi la chokaa si la kichanga. Akajitolea na bomba la mgongoni la baba mkwe nilowanishie kuta. Nilitazama ndani yake, nikaona rangi ya kijani-buluu kwenye kona zote: miaka ya kupulizia kahawa mrututu, ile dawa ya shaba. Nikalirudisha kwa shukrani. Sikuwa tayari kueleza kwa jumuiya ukuta wa kijani.

Nilijifunga kitambaa puani, nikavaa miwani, nikazikwangua kuta zote kwa fagio la chelewa mpaka lipu ikaonekana. Mfuko mpya ukalala pipani usiku kucha. Chumvi kilo tatu, kamili, imepimwa na muuza duka. Si zaidi, kwa sababu ikizidi ukuta unatoka jasho wakati wa masika na misumari inaota kutu. Nilizima umeme kwenye swichi kuu, nikaziba soketi kwa gundi ya karatasi, nikalowanisha ukuta kwa brashi mpaka ukawa na unyevu usiotiririka, upande mmoja kwa wakati, kuanzia juu. Dumu 11 za maji ziliisha. Kila mkono haukuonekana nilipoupiga, na kila asubuhi nilikuta umetokea. Madirisha nilifungia mapazia ya magunia kuzuia upepo. Siku ya nne, soksi nyeusi ilipita ukutani ikarudi nyeusi.

Hesabu ya mwisho: mifuko miwili badala ya mmoja, soksi, siki, kufua suti ya watu kwa dobi, na nauli za Machame. Bado ilikuwa chini ya ile jumla ya fundi, na nilikuwa nimejipanga kulisema hilo kwa sauti mama Neema atakaporudi.

Alirudi Jumamosi. Alipapasa ukuta, akatazama kiganja, akatabasamu. Akasema kwa furaha hiyo, acha aende pale kwenye banda la kitimoto la njia panda atuletee nusu kilo.

Nilijitolea kwenda mimi. Alikuwa ameshatoka.

Lile banda lina benchi refu, na nyuma ya benchi kuna mbao zilizopakwa rangi ya kahawia iliyokoza. Kwenye mbao hizo, upande wa kona, kulikuwa na mabega mawili meupe na sehemu ya juu ya mgongo, vimechapwa vizuri kama muhuri. Mchoma nyama akamkaribisha kwa moyo mweupe: "Mama Neema! Kaa hapo hapo kwenye nafasi ya baba Neema. Tangu siku ile aliyokuja kupumzika baada ya kupaka nyumba, hatujaifuta."

Alirudi na sahani imefunikwa. Akaiweka mbele yangu, akafunua, akanikaribisha maji ya kunawa kwa heshima zote za ndoa. Nikatia tonge mdomoni, machozi yakanitoka.

"Nimewaambia waweke chumvi vijiko vitatu," akasema. "Namba isibadilike."