Haiti 2010: Msaada uliowaruka wenye nyumba

Tetemeko la 12 Januari 2010 liliipiga Haiti saa 10:53 jioni. Usiku ule Port-au-Prince, mji mkuu, haikuwa na umeme wala mashine za kunyanyua zege. Majirani walichimbua kwa mikono na nyundo, wakifuata sauti zilizotoka chini ya kifusi. Vikosi vya uokoaji kutoka nje vilitoa watu hai zaidi ya 130 kidogo. Waliobaki wote waliookolewa walitolewa na Wahaiti wenyewe, na hao ndio tunaowasahau tukijadili misaada ile.

Wanaosema dunia haikufanya lolote wanakosea. Madaktari wa Kuba waliokuwapo tayari walianza kutibu mara moja, na maji yaligawiwa kambini kwa malori kwa watu waliopoteza makazi, takriban milioni 1.5 kwa jumla. Hata Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na shida zake, ilitangaza dola milioni 2.5. Kuna Wakongo waliolalamika, lakini mimi naona lilikuwa deni: baada ya uhuru wa 1960, walimu na madaktari wa Kihaiti ndio waliokwenda kuziba pengo la Wabelgiji.

Mambo yaliharibikia kwenye fedha. Mwezi Machi, jijini New York, wafadhili waliahidi zaidi ya dola bilioni 5 kwa miaka miwili. Ila katika fedha za dharura, iliyopitia serikali ya Haiti haikufika hata asilimia 1. Wafadhili walikuwa na hoja, tena nzito: ikulu imeporomoka, karibu wizara zote ziko chini, watumishi wengi wamekufa, na rushwa ilikuwapo tangu zamani. Lakini fedha zikiishia kwa mashirika ya kigeni, mwananchi amdai nani? Mbunge anaweza kunyimwa kura, meneja wa shirika hawezi.

Kipindupindu kilionyesha hilo kwa uchungu. Oktoba 2010, maji taka ya kambi ya walinda amani kutoka Nepal, karibu na Mirebalais, yaliingia kwenye kijito kinachomwaga maji kwenye mto Artibonite. Mtoni humo watu walichota maji ya kunywa, wakafua, wakaoga. Walikufa karibu 10,000. Umoja wa Mataifa ulikwepa lawama kwa miaka, mpaka Katibu Mkuu wake wa wakati huo, Ban Ki-moon, alipoomba radhi Desemba 2016. Waathirika walipofungua kesi New York, mahakama iliitupa: Umoja wa Mataifa una kinga. Ukatangazwa mpango wa dola milioni 400 wa kuwasaidia, na kilichochangwa kikawa sehemu ndogo tu.