Gentoo: uandike profaili yako au ubaki na za wenyewe?

Anayesimamia Gentoo, aina ya Linux ambayo programu zake kwa kawaida hujengwa kutoka msimbo chanzo kwenye mashine yenyewe, kwenye mashine zaidi ya moja, awe maabara ya chuo Arusha au ofisi ya Moshi yenye kompyuta kumi za mtumba, hafiki mbali kabla ya kukutana na swali la profaili. Profaili ni folda inayoelekezwa na /etc/portage/make.profile. Humo ndimo Portage, kisimamizi cha pakeji cha Gentoo kinachoendeshwa kwa amri ya emerge, inamosoma swichi za msingi za USE (za kuwasha au kuzima uwezo fulani wa programu), pakeji za lazima ziitwazo @system, na mambo yaliyopigwa marufuku. Gentoo inazo zake tayari: unaziona kwa eselect profile list, unachagua moja, kazi inaendelea. Wapo wanaosema hizo zinatosha na mengine ni mbwembwe. Wapo wanaoona kwamba asiye na profaili yake anaifaidi Gentoo nusu tu.

Hoja ya wanaokataa si nyepesi. Karibu kila unachotaka kinawezekana bila profaili mpya. Swichi za pakeji moja moja zinakaa kwenye /etc/portage/package.use, za mfumo mzima kwenye make.conf, faili la mipangilio ya jumla ya mashine. Hata swichi iliyofungwa na use.mask, orodha ya profaili ya swichi zilizopigwa marufuku, ambayo make.conf haiwezi kuifungua, inafunguka ukiandika jina lake likitanguliwa na alama ya kutoa kwenye /etc/portage/profile/use.mask. Kwa mwenye laptop moja, mjadala umeishia hapo.

Kinachouma zaidi kwa mazingira yetu ni pakeji zilizokwisha kukompailiwa, yaani zilizojengwa tayari kutoka msimbo chanzo. Tangu mwisho wa Desemba 2023 Gentoo inazitoa kwa amd64 na arm64, LibreOffice na KDE Plasma zikiwemo. Sasa weka USE="-wayland" kwenye profaili yako uone. Portage inalinganisha swichi, inakutolea orodha ya pakeji ilizoziacha kwa sababu USE hazilingani, kisha inaanza kushusha msimbo chanzo na kukompaili. Bando linaondoka, na umeme ukikatika katikati ya webkit-gtk, emerge --resume inaruka zilizokwisha lakini ile iliyokuwa njiani inaanza upya. Kumbuka pia kipimo cha GB 2 za RAM kwa kila kazi ya kukompaili inayoendeshwa sambamba, idadi yake ikiwekwa kwa -j: mashine ya GB 8 iandikiwe MAKEOPTS="-j4", ya GB 4 isizidi -j2, la sivyo inaingia kwenye swap (diski inayotumika badala ya RAM) na kuganda. Na walioko Moshi, ambako joto la Februari si kama la Arusha, wasafishe vumbi kwenye feni kabla ya kuiachia prosesa kazi ya usiku kucha.

Lakini hesabu hiyo ni ya mashine moja. Ukiwa na ishirini, mambo yanageuka. Mipangilio iliyonakiliwa kwa flashi kutoka mashine hadi mashine huanza kutofautiana mapema: huyu kaongeza mstari, yule kafuta, na baada ya muhula hakuna mbili zinazofanana. Profaili iliyo ndani ya repo ya git, hifadhi ya pamoja inayotunza kila badiliko la faili, inaliondoa tatizo hilo. Unabadilisha mstari mmoja, mashine zote zinaupata kwenye emerge --sync. Kisha chagua mashine yenye nguvu kuliko zote iwe ya kujengea, iwekee FEATURES="buildpkg" ili ihifadhi kila pakeji inayoijenga, na igawe /var/cache/binpkgs kwa http ndani ya mtandao wa jengo. Nyingine andika anwani yake kwenye /etc/portage/binrepos.conf na uendeshe emerge -g. Kwa kuwa zote zinasoma profaili moja, swichi zinalingana na pakeji zinapokelewa bila ubishi. Msimbo chanzo unashushwa mara moja tu, tena unaweza kuushusha wote kwa bando la usiku kwa emerge -f -uDN @world (@world ni programu zote za mashine) na kujenga mchana. Hapa ndipo sisi tunaegemea upande wa wanaokubali.

Ujenzi wenyewe si mrefu, ila una mitego. Tengeneza /var/db/repos/maabara. Ndani yake profiles/repo_name iwe na neno maabara, na metadata/layout.conf iwe na mistari miwili: masters = gentoo, na profile-formats = portage-2. Itambulishe repo hiyo kwenye /etc/portage/repos.conf. Halafu fungua profiles/msingi kwa mipangilio ya mashine zote, na profiles/mezani kwa kompyuta za wanafunzi. Faili la parent ndani ya mezani liwe hivi:

gentoo:default/linux/amd64/23.0/desktop
../msingi

Mpangilio wa mistari una maana: wa chini unaushinda wa juu. Ukiigeuza, mipangilio ya Gentoo itafuta yako. Ukisahau portage-2, ule mstari wenye nukta mbili unasomwa kama njia ya folda na utaambiwa mzazi hapatikani. Kila folda iwekee pia faili la eapi lenye tarakimu 8. Bila hilo Portage inaisoma kwa EAPI 0, toleo la zamani kabisa la kanuni za faili zake, lisilojua sloti (alama ya kutenganisha matoleo ya pakeji moja), na dev-lang/python:3.12 kwenye package.use itakataliwa ingawa hujakosea herufi. Mwisho andika amd64 mezani stable kwenye profiles/profiles.desc ili eselect iione.

Mtego unaowapata wengi zaidi uko kwenye CFLAGS, maelekezo anayopewa kikompaili. Unaziandika kwa uangalifu kwenye make.defaults ya profaili, na hakuna kinachobadilika. Sababu ni kwamba make.conf inayokuja na stage3, kifurushi cha kuanzia usakinishaji, tayari ina COMMON_FLAGS="-O2 -pipe", na make.conf inaishinda profaili. Futa mistari hiyo, kisha hakikisha kwa portageq envvar CFLAGS.

Na usiandike -march=native, inayojenga kwa prosesa ya mashine inayojengea tu, kwenye profaili ya pamoja. OptiPlex 9020 ina prosesa ya kizazi cha Haswell, na i5 zake zina AVX2, seti ya amri za ziada za prosesa. OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 ni ya Ivy Bridge, haina. Pakeji iliyojengwa kwenye ya kwanza ikipelekwa kwenye ya pili inaanguka kwa kosa la amri isiyojulikana na prosesa, na ikiwa ni glibc, maktaba ya msingi inayotumiwa na karibu kila programu, mashine haiwaki tena. Pentium na Celeron za miaka hiyo hazina hata AVX ya kwanza. Kwa mchanganyiko kama huu wa mtumba, -march=x86-64-v2, kiwango kisichodai AVX, ndiyo inayowaingiza wote.

Wanaokataa wana hoja nyingine tunayoikubali: profaili za Gentoo hubadilika, na yako lazima ifuate. Machi 2024 zilipotoka za 23.0 kuchukua nafasi ya 17.1, aliyerithi kwa faili la parent alibadilisha mstari mmoja kisha akafuata maelekezo ya eselect news: kufuta pakeji za zamani zilizokompailiwa, kujenga upya binutils, gcc na glibc kwa mpangilio huo, halafu @world nzima kwa --emptytree. Aliyekuwa amenakili folda nzima ya profaili akaiita yake alibaki kulinganisha faili moja moja. Kwa hiyo rithi, usinakili, na kwenye make.defaults weka swichi chache ambazo kila mashine inazihitaji. Zinazohusu pakeji moja ziende package.use ya profaili. Juu ya kila mstari andika sababu na tarehe, maana fundi wa maabara huhama.

Kabla ya kusukuma badiliko, endesha emerge -pvuDN @world kwenye mashine ya kujengea na usome pakeji zilizotiwa nyota ya swichi iliyobadilika. Zikiwa hamsini wakati ulitarajia tatu, umegusa swichi ya mfumo mzima mahali pa swichi ya pakeji. Zikiwa sawa, jenga, peleka kwenye meza moja, iachie wanafunzi waitumie wiki nzima, ndipo ufungulie nyingine.