Kwa bosi mlemavu, kijijini mzima

"Kamwene," alinisalimu kijana mmoja, mkono wa kulia mbele. Wa kushoto ulibaki mfukoni mwa koti, na kwa baridi ya Mafinga asubuhi ya Julai hakuna wa kumshangaa mtu anayeficha mkono. Tulikaa kwa mama ntilie nyuma ya stendi, chai ya tangawizi na chapati. Mkono ule ulitoka pale tu alipotaka kufungua bahasha ya kaki iliyolainika kwa kushikwashikwa. Vidole vitatu havipo. Alikuwa kibarua kwenye dingdong, mashine ya kuchana mbao, kazi yake kusukuma magogo ya paini, mpaka siku gogo lilipoteleza.

Ndani ya bahasha kulikuwa na kadi ya hospitali, fotokopi ya kitambulisho cha NIDA na barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Akazipanga mezani kama anayecheza karata.

"Kaka, mimi niko katikati," alisema. "Kwa bosi mimi mlemavu, hanitaki tena. Nikirudi kijijini mimi mzima, si nina miguu miwili na mkono wa kushika jembe?"

Nimeibeba kauli hiyo tangu siku ile, kwa sababu imegusa jambo ambalo mijadala yetu ya ruzuku na mafao huwa inaliruka. Tunabishana kiasi: hela ni kidogo, iongezwe. Ni kweli ni kidogo. Lakini mtu huumia zaidi anapohama kutoka msaada mmoja kwenda mwingine, kwa sababu kila msaada una mizani yake ya kuupima ulemavu.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi 2015, unapima mwili kwa asilimia. Aliyeumia kazini hulipwa asilimia 70 ya kipato chake akiwa anatibiwa. Ulemavu wa kudumu ukiwa asilimia 30 au chini, anapewa mkupuo, na ukizidi hapo analipwa kila mwezi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inaangalia nguvu ya kutafuta kipato imepungua kwa kiasi gani, nayo inataka historia ya michango. TASAF, mfuko wa serikali unaotoa ruzuku kwa kaya maskini, haimtazami mtu, inatazama kaya: humu ndani kuna nguvukazi au hakuna? Halmashauri, kwenye ile asilimia 2 ya mapato ya ndani iliyotengwa kwa mikopo ya watu wenye ulemavu tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2018, inauliza kama una wazo la biashara.

Vidole vitatu vilevile vinaweza kuwa asilimia fulani kwenye mizani ya kwanza, sifuri kwenye ya tatu, na kwenye ya nne visihesabiwe kabisa. Kijana wangu hata hiyo ya kwanza hakuifikia, maana bosi wake hakuwahi kumwandikisha popote. Alimpa nauli na pole, basi.

Mizani ya TASAF ndiyo inayowagusa wengi huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mbozi hadi Kilolo. Awamu ya pili ya mpango wake, Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ilizinduliwa Februari 2020, na Rais Magufuli alisisitiza siku ile kwamba mwenye nguvu afanye kazi. Kaya isiyo na mtu wa kufanya kazi hupewa ruzuku moja kwa moja. Yenye nguvukazi huingizwa kwenye ajira za muda, ambazo katika awamu hiyo zilikuwa siku 60 kwa mwaka kwa Sh 3,000 kwa siku, yaani Sh 180,000 kwa mwaka mzima kama hukukosa hata siku moja. Barabara za vijiji zinachongwa, miche inapandwa kwenye vyanzo vya maji, na anayelipwa anaweza kukuonyesha alichokifanya. Mimi sioni kosa kwenye wazo lenyewe.

Tabu ni mstari unaotenganisha kaya hizi mbili. Mama wa kijana huyu ni mlengwa wa TASAF, bibi anayeishi na mjukuu mdogo, hana nguvukazi. Mwanawe akirudi na mkono wake huo na kuandikwa kwenye dodoso kama mwanakaya mwenye umri wa kufanya kazi, kaya inaweza kuvuka mstari. Hapo bibi atategemea siku 60 za mtu ambaye bado hajui mkono wake utabeba nini, ilhali hela aliyoizoea ilikuwa ikija bila kutegemea mkono wa mtu.

Hakuna afisa aliyemwambia kwamba itakuwa hivyo. Amepiga hesabu mwenyewe, pengine kakosea. Lakini hesabu hiyo imemfanya abaki Mafinga, chumba cha Sh 15,000 anachochangia na mwenzake, badala ya kwenda kulelewa na mama yake. Nasikia wengine wakiita huo ujanja. Mimi naona ni woga wa mtu aliyekwisha kupoteza kipato mara moja na hataki kumpotezea na mamaye.

Upande wa pili nao una watu wake, na si watu wabaya. Kaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji siku ya mkutano uwasikilize. Walengwa hupatikana kwa majina kutajwa mbele ya watu, na kila jina linaloingia kuna jina la jirani lililobaki nje. Mjane ambaye hajawahi kupata hata mara moja ataelewaje kwamba kaya ya pili inakula ruzuku na fidia kwa pamoja, eti ipo kwenye mpito? Mpito wa miezi mingapi? Nani atausimamisha? Sisi tunajuana: wapo wanaochechemea siku ya tathmini tu, na wapo ambao mpito wao hauishi. Mfuko wenyewe una kiasi kilekile, kwa hiyo atakayelipwa mara mbili kwa miezi mitatu anakula nafasi ya mtu.

Hoja hiyo ina uzito, na anayeipuuza hajawahi kuongoza mkutano wa kijiji.

Lakini tazama Uingereza, ambako wakaguzi na kompyuta si haba. Watu wawili wenye ulemavu mkubwa walihama makazi, wakaenda maeneo ya halmashauri nyingine. Kuhama huko tu kuliwatoa kwenye mafao ya zamani na kuwaingiza kwenye Universal Credit, fao moja lililochukua nafasi ya mafao kadhaa ya zamani, na kila mmoja akapungukiwa karibu pauni 180 kwa mwezi. Ulemavu ulikuwa uleule, uhitaji uleule. Juni 2018 Mahakama Kuu ikasema huo ulikuwa ubaguzi, na Januari 2019 serikali ikasitisha kuwahamisha watu wa aina hiyo. Wanaohamishwa na serikali yenyewe wana kinga ya mpito, nyongeza ya kuziba pengo, ambayo inayeyuka kidogokidogo kadiri mafao mengine yanavyopanda. Sisi hatuna pauni za kuziba pengo. Kanuni iliyo ndani yake, ya kutompunguzia mtu kwa sababu tu amebadilishiwa daftari, haidai pauni.

Zanzibar walichukua njia nyingine: tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 anapata pensheni jamii, ilianza na Sh 20,000 kwa mwezi, tajiri na maskini sawa. Hakuna mstari wa kuvuka, ila hela inafika hata kwa asiyeihitaji. Kwa Bara na wingi wetu, sioni hilo likija karibuni.

Ningekuwa na sauti, ningeomba jambo dogo: kaya isihamishwe kundi mpaka malipo ya kwanza ya kundi jipya yawe mkononi, na kama hayajaingia ndani ya awamu mbili za malipo, suala lirudi mkutanoni kwa majina, mjane naye akisikia. Gharama yake haizidi hizo awamu mbili. Na tuache kuuhesabu mkopo wa asilimia 2 kama kipato. Nimesikia zaidi ya mara moja, Mbalizi na kwingineko, watu wakisema "yule keshapata mkopo, atoke kwenye orodha". Mkopo ni deni. Kuku wakifa kwa kideri, deni linabaki na ruzuku haipo.

Nilimwuliza kama yuko tayari kwenda kwa afisa ustawi wa jamii aulize hasa kaya ya mama yake itahesabiwaje. Akacheka, akaanza kurudisha karatasi kwenye bahasha, kidole gumba kikifanya kazi ya vitatu.

"Jumapili mama kapiga simu," alisema. "Anauliza lini nakuja kusaidia mahindi yaliyobaki shambani. Nimemwambia nakuja, ila nitalala kwa mjomba."