Usimlipe fundi wa miti kwa wingi wa matawi aliyoangusha

Masika yakikaribia, misumeno huanza kulia mitaani Dar es Salaam, Tanga na Mombasa. Watu wanahofia matawi kuangukia bati. Wanaitwa vijana wawili wenye panga na chensoo, na kufika jioni mwarobaini uliokuwa ukitia kivuli baraza zima umebaki shina na visiki vitatu vinavyotazama juu. Mwenye nyumba anaridhika, maana rundo la matawi limejaa uani na kazi inaonekana imefanyika. Kosa letu liko hapo: tunalipia kinachoanguka, ilhali kupogoa, yaani kupunguza matawi, hupimwa kwa kinachobaki mtini.

Tazama jinsi bei inavyopatanwa. Fundi anataja kiasi, mwenye nyumba anaomba apunguziwe, mwisho wanakubaliana bei ishuke na fundi aondoke na magogo. Magogo ni kuni, na kuni ni mkaa. Kuanzia hapo fundi ana sababu ya kukata tawi la unene wa paja lisilo na kasoro yoyote. Vitawi vikavu na vinavyosongamana, ambavyo ndivyo vilivyotakiwa kutoka, havimpi kitu, kwa hiyo anaviacha. Siwalaumu mafundi kwa hili, kila mtu hufuata kinachomlipa. Dawa yake ni rahisi: lipa ufundi kwa bei yake kamili, na kuni zibaki zako. Ukitaka kuziuza, muuzie mtu mwingine siku nyingine.

Kukata mti kichwa ndiko kunakoniudhi kuliko yote, kwa sababu hufanywa kwa jina la usalama. Mti hujitengenezea chakula kwa majani. Ukiyaondoa yote kwa mpigo, mti hutumia akiba iliyo kwenye shina na mizizi kuamsha vichipukizi vilivyolala chini ya gome. Wiki chache baadaye kila kisiki kimezungukwa na machipukizi mengi, na watu husema mti umepona. Lakini angalia yalivyoshikamana. Tawi la kawaida limekua pamoja na shina tangu lilipokuwa kijiti, na mbao za shina zimelifunika chini yake mwaka hadi mwaka. Chipukizi la kisiki limeshikiliwa na tabaka jembamba la nje tu, na kisiki chenyewe kinaoza kuanzia juu kwenda chini. Mpe mwarobaini au mjohoro miaka mitatu au minne: lile chipukizi sasa ni tawi refu na zito, limekaa juu ya mbao iliyooza. Upepo wa mvua ukija, linabanduka pale pale lilipoota. Bati uliloliogopea liko hatarini kuliko kabla ya kumwita fundi.

Mwashoki nao huharibiwa hivyo hivyo. Una shina moja lililonyooka, ndiyo maana unapandwa kando ya ukuta wa uzio. Ukiukata kilele, huota vilele viwili au vitatu vinavyobanana kwa pembe kali, na penye pembe ya namna hiyo ndipo mti hupasukia.

Urefu ukikusumbua, upunguze kwa kurudisha tawi nyuma hadi kwenye tawi lake la pembeni lenye unene usiopungua theluthi moja ya lile unalolikata. Tawi hilo la pembeni linashika nafasi ya kilele, linaendelea kuvuta maji na kulisha sehemu iliyobaki, na mti hauna haja ya kutoa machipukizi ya dharura. Kwa mwaka mmoja usiondoe zaidi ya robo ya majani mabichi. Mti mzee au uliodhoofika uondolee pungufu ya hapo.

Sasa tuje kwenye mahali pa kukata. Penye makutano ya tawi na shina utaona uvimbe unaozunguka mguu wa tawi, kama ukosi wa shati. Kwenye mwembe hujionyesha wazi, gome lake limejikunjakunja. Uvimbe ule ni sehemu ya shina, si ya tawi, na ndimo mti unamojenga kinga yake. Msumeno upite nje yake kidogo tu. Ukikata ndani yake ili shina lionekane laini, umeibomoa kinga na kufungua kidonda kikubwa kuliko kinachohitajika. Ukiacha kisiki cha shubiri moja, gome jipya haliwezi kukifunika, nacho kitaoza na kuupeleka uozo ndani.

Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa serikali ya Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa chensoo ili aone uozo unavyosafiri. Kazi zake za miaka ya 1970 na 1980 zilionyesha kwamba mti hauponyi kidonda kama ngozi inavyopona. Huzungushia kuta sehemu iliyoumia, kisha hukuza mbao mpya juu yake. Kwa hiyo oili chafu, lami na rangi ya mafuta vinavyopakwa miti yetu baada ya kukatwa havizuii uozo, na mara nyingine hufungia unyevu ndani. Kidonda kiache wazi kikauke.

Tawi lenye unene unaozidi kifundo cha mkono hukatwa mara tatu. Mkato wa kwanza ni kutokea chini, sentimita 30 hivi kutoka kwenye shina, msumeno uingie robo ya unene. Wa pili ni kutokea juu, sentimita 3 hadi 5 mbele zaidi kuelekea ncha, mpaka tawi lidondoke. Kinachobaki ni kisiki chepesi, na hicho ndicho unachokiondoa kwa mkato wa tatu, nje ya ule uvimbe. Anayeanza juu moja kwa moja huona tawi likielemewa na uzito kabla msumeno haujafika mwisho. Linaning'inia, kisha linachuna gome la shina kuteremka chini. Nimeona michuno ya mita nzima kwenye miparachichi. Jeraha kama hilo halifunikiki, na mchwa hulijua mapema kuliko mwenye nyumba. Tawi likiwa juu ya paa, lifungwe kamba iliyopitishwa kwenye panda imara juu yake, mtu wa chini aishike kwa kuizungusha kwenye shina, na vipande vishushwe vya mita moja moja.

Panga si kifaa cha kupogolea. Huacha kidonda chenye nyuzi na mipasuko, na kwenye mwembe kuna kuvu anayengojea mwanya huo ili kukausha matawi kuanzia ncha. Kwa vitawi vya unene wa kidole tumia mkasi wa kupogolea, na vinavyozidi hapo msumeno wa mkono wenye meno makali. Fundi akihama kutoka mti mgonjwa, afute meno kwa spiriti.

Majira yana uzito wake. Mwembe wa pwani upogolewe mara mavuno makubwa yanapokwisha, mwezi Februari au mwanzoni mwa Machi. Maua ya mwembe huja kwenye ncha zilizokomaa, na ncha mpya zinahitaji miezi kadhaa zikomae kabla ya ubaridi wa Juni hadi Agosti. Ukipogoa Juni kwa sababu fundi alikuwa na nafasi, mti utatoa majani laini badala ya maua, na msimu ule umeukosa. Mikato mikubwa iwahi kabla mvua za masika hazijashika, maana kuvu husambaa kwa matone. Fundi avae mikono mirefu, utomvu wa mwembe huunguza ngozi.

Mparachichi una gome linaloungua kwa jua. Ukifungua kati yake, matawi yaliyokuwa kivulini yapakwe chokaa nyeupe iliyozimuliwa kwa maji. Hapa unakinga gome zima na jua, kidonda hakihusiki. Mnazi una kilele kimoja tu, kikikatwa umekufa. Toa makuti yaliyokauka, ya kijani yaache, na magogo ya minazi usiyaache yaozee uani, maana humo ndimo chonga, mbawakawa anayetoboa minazi, huzaliana.

Usalama hauna mapatano. Matawi yakigusa au kukaribia nyaya za nguzo, usimruhusu fundi yeyote apande. Nyaya hizo huweza kubeba volti 11,000 au 33,000, na tawi bichi hupitisha umeme. Piga simu TANESCO, au Kenya Power kwa walio Kenya, wazime laini au wakate wenyewe. Chensoo haitumiwi juu ya ngazi. Tawi linapodondoka, sehemu iliyobaki hupungukiwa uzito na kuinuka, na ngazi iliyoegemezwa hapo hukosa mahali pa kuegemea, huku mikono yote miwili iko kwenye mashine inayozunguka. Anayefanya kazi juu ajifunge mkanda na kamba kwenye shina. Wale wanaopanda kwa viatu vya misumari wavitumie kwenye miti inayoangushwa tu, kwani kila hatua ni tundu kwenye gome zima. Kabla ya yote, kagua matundu kama yana nyuki. Yakiwa nayo, mwite mrina asali kwanza.

Kumjua fundi hakuhitaji shahada. Mwoneshe tawi moja umuulize atalikata wapi. Anayejua ataweka kidole kwenye makutano na kukuonyesha ule uvimbe. Atakayesema "popote tu bosi" mshukuru aende. Kisha andikeni makubaliano yanayopimika: makavu yote kuanzia unene wa dole gumba yatoke, matawi juu ya njia yainuliwe hadi mita 2.5, mita 2 zibaki kati ya matawi na bati, majani mabichi yasitoke zaidi ya robo, kuni zibaki. Ulizia pia ofisi ya halmashauri kama mti wako unahitaji kibali, hasa ukiwa kando ya barabara.

Na kama mti wako umeshakatwa kichwa, usiukate tena pale pale. Uache mwaka mmoja ujijengee majani. Mwaka wa pili, kwenye kila kisiki chagua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, yaliyoachana na yanayoelekea nje, ukate yanayoshindana nayo. Mwaka wa tatu na wa nne fupisha yaliyobaki kidogo kidogo ili yanenepe mguuni kabla ya kurefuka, na kila kabla ya masika tazama yalipoota: ukiona gome limezama, limepasuka au limeota uyoga, lile chipukizi lishushwe mapema.