Nguvu ya jiwe maabara na udhaifu wa mlima

Jiwe likichongwa kuwa mche duara wenye kipenyo cha milimita 50 hivi na kubanwa katika mashine, hutoa jibu la kuridhisha: graniti isiyo na ufa huweza kuhimili mkazo (nguvu inayobana kila eneo la jiwe) wa zaidi ya megapaskali 100 kabla ya kupasuka, ingawa ikivutwa hukatika kwa takriban sehemu moja ya kumi ya mkazo huo. Je, namba hiyo yatosha kuamulia handaki au bwawa?

Wanaoitegemea maabara wana hoja nzito. Humo jaribio hurudiwa, hali hudhibitiwa, na kanuni ya msuguano aliyoiwasilisha mwanafizikia Mfaransa Coulomb mwaka 1773 hupimika: kadiri jiwe linavyobanwa pande zote, ndivyo linavyohitaji mkazo mkubwa zaidi ili livunjike.

Hata hivyo, jiwe linalofika maabara ni lile lililosalimika wakati wa kuchorongwa. Lililomeguka njiani halikupimwa. Mlima wenyewe umekatwakatwa na nyufa, baadhi zikiwa zimejaa udongo wa mfinyanzi, na maji yaliyomo hupunguza mbano unaoshikanisha kuta za nyufa hizo. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1959 bwawa la Malpasset, kusini mwa Ufaransa, lilibomoka na kuua zaidi ya watu 400. Kilichoshindwa hakikuwa zege, bali mwamba wa ukingo wa kushoto, ambako pande kubwa la mwamba lililozungukwa na nyufa lilisukumwa na maji.

Mkasa huo hutajwa mara nyingi kama ushahidi dhidi ya maabara, nami naona hapo pana dhuluma kidogo. Ni majaribio ya maabara, yaliyofanywa baadaye, yaliyoonyesha kwamba mwamba wa pale ulipobanwa uliziba njia za maji kwa kiwango kikubwa mno, na hivyo kufafanua jinsi shinikizo lilivyoweza kujengeka chini ya ukuta. Mashine haikukosea, haikuwa imeulizwa.

Mfumo wa kupima ubora wa mwamba kwa alama 0 hadi 100, uliopendekezwa na mhandisi Bieniawski mwaka 1973, hujaribu kuunganisha nguvu ya jiwe, nyufa na maji. Unafaa kwa makadirio ya awali, lakini milima miwili yenye alama sawa yaweza kuporomoka kwa namna tofauti kabisa. Kwa hiyo naegemea upande wa mlima: mwelekeo wa nyufa na mkondo wa maji vichunguzwe kwanza, kisha nyuso za nyufa hizo zenyewe, si jiwe zima peke yake, zipelekwe maabara.