Leza ya kwanza Zanzibar: diodi au CO2?

Mashine za leza za kukatia mbao zimeshuka bei. Nje ya nchi, leza ya diodi, inayotoa mwanga kwenye kipande kidogo cha kielektroniki, ya wati 10 na isiyo na kasha, huuzwa kiasi cha dola 200 hadi 400. Mashine ndogo ya CO2, inayotoa mwanga kwenye tyubu ya gesi ya kaboni dioksidi, ile inayojulikana kwa jina la K40, haiko mbali na hapo: dola 400 hadi 600, kabla ya usafiri na ushuru. Kwa hivyo mtu wa Unguja au Pemba anayetaka kutengeneza vishikio vya funguo, marufaa, fremu za aya au mapambo ya kuwauzia wageni ana njia mbili za kweli mbele yake, na bei peke yake haitamwamulia. Mimi naelemea diodi. Upande wa pili hata hivyo una hoja nzito, na ni haki tuanze nao.

Mwanga wa CO2 una urefu wa wimbi wa nanomita 10,600. Mbao, ngozi, kitambaa, karatasi na akriliki (plastiki ngumu inayofanana na kioo) ya rangi yoyote huunyonya, ndiyo maana huvikata vyote. Mwanga wa diodi ni wa buluu, nanomita 450 hivi, na akriliki isiyo na rangi huupitisha kama kioo cha dirisha kinavyopitisha jua. Hakuna wati zitakazoondoa kasoro hiyo. Anayelenga kazi za harusi, yaani majina ya kuchomeka juu ya keki, namba za meza na vibao vya kukaribisha wageni, atakutana mapema na bibi harusi anayetaka akriliki inayoonesha ng'ambo, na mwenye diodi hatakuwa na la kumjibu.

Kuna kasi pia. Chukua kishikio cha funguo cha plaiwudi ya milimita 3, ambacho ukingo wake wote una urefu wa sentimita 20. Mashine ya CO2 ya wati 40 iliyopangwa vizuri inaweza kwenda milimita 12 kwa sekunde. Diodi ya wati 10 huenda milimita 4 hivi. Kwa vishikio 100, ya kwanza itamaliza kukata kwa nusu saa na ya pili kwa saa moja na dakika zaidi ya 20. Mwenye oda za hoteli kila wiki ataiona tafauti hiyo mfukoni.

Ila hesabu hiyo ni ya kukata tu. Mgeni hanunui duara tupu la mbao, anataka jahazi juu yake, au mlango, au jina la Paje. Mchoro uliojazwa wa sentimita 5 kwa 5, mistari ikiachana kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, humlazimu mtambo kupita mara 500, jumla ya mita 25. Kwa mwendo wa milimita 100 kwa sekunde ni zaidi ya dakika 4 kwa kishikio kimoja. CO2 inaweza kukimbia zaidi, lakini nayo hapo itahesabu dakika. Kisha kuna kupiga msasa, kufuta masizi, kupaka mafuta na kutia pete. Fundi anayebuni mchoro wa mistari michache badala ya kujaza eneo lote ataokoa muda mwingi kuliko aliyeongeza pesa kwenye mashine.

Hoja inayonivuta upande wa diodi ni hali ya hewa yetu, na washauri wengi wanaishi kwenye baridi na hawaizungumzii. Leza ya CO2 ya bei ndogo hutoka kwenye tyubu ya kioo inayopozwa kwa maji. Maji hayo yanatakiwa yawe kati ya nyuzi 15 na 25 za Selsiasi. Yakipita 30, nguvu hushuka na umri wa tyubu hupungua. Hapa, kaskazi ya Januari na Februari, chumba chenyewe hupita nyuzi 30. Vipooza vya bei rahisi vina rejeta na feni tu, kwa hivyo haviwezi kuyashusha maji chini ya joto la chumba. Wapo wanaotumbukiza chupa za barafu kwenye ndoo. Joto hupanda na kushuka ovyo, na nguvu ya kukata hubadilika nalo.

Basi tununue kipooza cha kweli, chenye kompresa kama friji? Hapo linaingia tatizo la pili. Wakati wa masika, hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 85 huacha umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi 25 au chini yake. Maji ya nyuzi 20 yakipita ndani ya tyubu, kioo kitatoka jasho kwa nje, na ncha ya tyubu hiyo ina umeme wa zaidi ya volti 15,000. Umeme ukipata njia kwenye maji huruka cheche, na hapo kifaa kinachoipa tyubu umeme huungua, au yakatokea mabaya zaidi. Kwa maneno mengine, katika miezi ya mvua joto linaloifaa tyubu na joto linaloleta umande vinakaribia kugusana. Dawa ni kiyoyozi, kwa sababu hukausha hewa huku kikiipoza. Lakini feni ya kutolea moshi, ambayo huwezi kuikosa, itakuwa inaivuta nje hewa ile ile uliyolipia kuipoza. Mashine ya dola 500 imeshaomba kipooza, kiyoyozi na mita ya TUKUZA, ile ya umeme wa kulipia kabla, yenye tumbo kubwa.

Diodi nayo haipendi joto. Nguvu yake hupungua ikichemka, na kioo chake kidogo hushika moshi na kutaka kufutwa kila mara. Tafauti ni kwamba hupozwa kwa kipande cha aluminiamu na feni yake, haina maji wala tyubu, na kichwa chake kikifa kinaagizwa kwenye boksi dogo. Tyubu ya K40 ni kioo cha sentimita 70 hivi, na inapaswa kufika nzima baada ya meli, bandari ya Dar es Salaam na boti. Kwa aliyeko Wete au Chake Chake ongeza safari nyingine.

Umeme nao unapima upande huo huo. Unguja inategemea waya za chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na waliokuwepo hawajasahau miezi mitatu ya giza kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Pemba ilianza kupata umeme wa waya kutoka Tanga mwaka 2010. Siku hizi hali ni bora mno, lakini kukatika kwa dakika mbili tu kunatosha kuharibu ubao uliokuwa katikati ya kazi. Diodi ya wati 10 huvuta umeme mdogo kiasi kwamba UPS ya kompyuta, yaani betri yake ya akiba, inaweza kuibeba kwa dakika kama hizo. CO2 na pampu yake, feni na kipooza chenye kompresa ni mzigo wa aina nyingine.

Sasa niseme wazi palipo na hatari ya diodi, maana wauzaji wake hupita hapo haraka. Mashine isiyo na kasha inarusha mwanga wa buluu unaofika hadi ndani kabisa ya jicho, na jeraha lake halirudi nyuma. Miwani ya mwendeshaji haimlindi mtoto aliyechungulia mlangoni. Nyumba zetu zina watoto, majirani na wageni wasiobisha hodi zaidi ya mara moja. Anayenunua diodi ya wazi anunue na kasha siku hiyo hiyo, na bei ya kasha iwemo kwenye hesabu ya mashine. K40 huja na kasha, ingawa nyingi hazijizimi mfuniko ukifunguliwa, na waya wake wa ardhi lazima fundi umeme auangalie kabla ya kuwasha. Miwani ya aina moja ya leza haifai kwa nyingine.

Moshi ni suala la jirani. Ndani ya Mji Mkongwe dirisha lako linatazamana na la mwenzako, na dari nyingi ni boriti za mikoko zilizokauka kwa miaka. Mashine isiachwe peke yake hata kwa muda wa rakaa mbili. Izime, uende, urudi. Na ngozi bandia nyingi ni plastiki ya PVC, ambayo ikiunguzwa hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni: inachoma mapafu na kutia kutu mashine. Hiyo haikatwi kwa leza yoyote.

Mali ghafi nayo ichunguzwe kabla ya mashine. Plaiwudi nyembamba hapa hupinda kwa unyevu, na ubao uliopinda hutoka kwenye shabaha ya mwanga, ukakatika upande mmoja na kugoma mwingine. Ilazwe bapa chini ya uzito. Ile inayotoka viwanda vya Mafinga inakatika, lakini pengine gundi imejaa pahala pamoja na leza ikashindwa kupenya. Nunua ubao mmoja, jaribu, ndipo uongeze. Kwa maandishi ya Kiarabu, andika kwenye Inkscape, programu ya kuchora ambayo ni ya bure, kisha geuza herufi ziwe michoro kabla ya kuzipeleka kwenye programu ya leza, ili zisije zikaachana.

Wapo wanaosema mashine hizi zitawaua wachongaji wa milango na masanduku. Naiheshimu hofu hiyo. Leza huchoma juu juu. Haitoi ua lenye kina na ukingo wa mviringo kama patasi ya fundi. Madhara yatakuja pale kibao cha leza kitakapouzwa kwa mgeni kama kazi ya mkono, na bei ya fundi ikaburuzwa chini kwa uongo huo. Andika nyuma ya kibao kimetengenezwa na nini.

Ushauri wangu basi: anayeanza peke yake, chumba kimoja, na anauza mbao na ngozi, achukue diodi ya wati 10 au 20, akihakikisha hizo ni wati za mwanga wenyewe, kwa sababu matangazo mengine huandika 40 au 80 wakimaanisha umeme unaoingia. Mwenye oda za akriliki mkononi tayari, au watu watatu wanne wanaoweza kuchangia chumba chenye kiyoyozi, hao CO2 itawalipa, na wasinunue K40. Waende moja kwa moja kwenye mashine ya wati 60 yenye meza ya sentimita 60 kwa 40, na kipooza chenye kompresa wakipange nyuzi moja au mbili juu ya joto linaloleta umande siku hiyo.